Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi na Thumni ya Mjane

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya maswahaba, maimamu na wapokezi wa hadithi. Leo naomba ruhusa nikuletee mtu wa hesabu. Kabla sijamtaja, acha nianze na aibu yangu mwenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyonifikisha kwake.

Mimi ni mtoto wa Mulanda, wilaya ya Tororo, huku kwetu mpakani. Shuleni hesabu ilinishinda mapema. Namba nzima nilizimudu, sehemu zikaanza kunichanganya, na tulipofika kwenye desimali na makadirio nilikuwa nimeshahamia dawati la nyuma. Mtihani wa kidato cha nne nilipata P8. Nilipokubaliwa kusoma taaluma za Kiislamu chuoni, nilijipongeza kimoyomoyo kwamba mimi na hesabu tumeagana.

Likizo ya mwaka wa pili baba mdogo alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha mke, mama yake mzazi ambaye ni bibi yangu, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Baada ya gharama za mazishi na madeni kulipwa, zilibaki shilingi 6,000,000 za Uganda. Wazee walinigeukia mimi. Ndiye niliyekuwa nasoma dini chuo kikuu, basi nigawe.

Hukumu nilizijua vizuri. Mke ana thumni kwa kuwa marehemu ana watoto. Mama ana sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume apate mara mbili ya wa kike. Nikachukua simu, nikagawa moja kwa nane, ikaja 0.125. Nikagawa moja kwa sita, ikaja 0.1666 na mkia usiokwisha. Nikakumbuka somo la makadirio, nikakadiria hadi nafasi moja ya desimali: mke 0.1, mama 0.2, watoto 0.7. Nikaandika mke 600,000, bibi 1,200,000, kila mtoto wa kiume 1,680,000, wa kike 840,000. Nilijumlisha mara mbili, ikatimia milioni sita kamili. Wazee wakanisifu. Fedha zingegawiwa kesho yake baada ya swala ya Adhuhuri.

Asubuhi mama mdogo, yule mjane, aliniita kando. Yeye huuza maharage kwa gorogoro, Mulanda na ng'ambo ya pili Busia, na siku nzima hubadilisha kichwani shilingi za Kenya kuwa za Uganda bila kalamu. Aliniuliza kwa upole kama thumni ya dini ni tofauti na thumni ya sokoni. Yeye alikuwa amekata milioni sita nusu ikawa tatu, akakata tena nusu ikawa moja na nusu, akakata mara ya tatu ikawa 750,000. Kwangu alikuwa anapata 600,000. Hakunilaumu. Alitaka tu kujua zile 150,000 zimekwenda wapi.

Zilikuwa zimekwenda kwa bibi, bila bibi kuziomba na bila mimi kujua. Jumla ilikuwa sahihi, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Nilikuwa nimekadiria mahali ambapo Mwenyezi Mungu ameshakadiria mwenyewe, katika aya za 11 na 12 za Suratun Nisaa.

Niliporudi chuoni nikaanza kutafuta: nani kati ya Waislamu wa zamani aliunganisha hesabu na mirathi? Kila nilipouliza nilirudishwa kwa jina moja, Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi. Jina nilikuwa nalijua, kama unavyolijua wewe. Kila wiki ya Kiislamu chuoni huwa linabandikwa ukutani kwamba ndiye baba wa aljebra. Alichokifanya hasa sikuwa nakijua.

Alizaliwa takriban mwaka 780, sawa na mwaka 164 Hijria. Nisba yake inatupeleka Khwarizm, nchi iliyo kusini mwa bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Umri wake wa kazi aliutumia Baghdad. Mji huo ulikuwa bado mchanga, Khalifa Al-Mansur aliuanzisha mwaka 762, lakini tayari ulikuwa na wafanyabiashara wa Uajemi, wataalamu wa Kihindi, wafasiri wa Kiyunani na makadhi wenye mafaili ya kesi za mali. Alipotawala Khalifa Al-Ma'mun, kuanzia mwaka 813 hadi 833, Al-Khwarizmi alifanya kazi katika hazina ya vitabu ya khalifa, ile tunayoiita Baytul Hikma. Zama hizo hizo walikuwapo Baghdad Al-Kindi na wana watatu wa Musa bin Shakir. Mambo ya nyumbani kwake hayakuandikwa. Tunamjua kwa kazi zake, nami nitazipitia kwa mpangilio ule ule tuliofuata shuleni, kuanzia namba hadi makadirio.

Kwanza namba zenyewe. Wakati huo watu wa Baghdad walihesabu kwa vidole, kwa maneno, au kwa herufi za abjad ambazo kila moja ilisimama mahali pa namba. Wahindi walikuwa na njia nyepesi zaidi: tarakimu tisa tu, na kiduara kidogo cha kuonyesha kwamba nafasi ni tupu. Al-Khwarizmi aliandika kitabu cha kuwafundisha watu njia hiyo hatua kwa hatua. Alieleza jinsi nafasi inavyoipa tarakimu thamani, kisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa, halafu sehemu na vipeuo vya pili. Na katikati yake aliweka hesabu mbili ambazo leo hatuzifundishi peke yake: kuongeza maradufu, na kukata nusu.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kidogo. Kukata nusu! Mama mdogo alikuwa amefanya hesabu iliyo na sura yake kamili katika kitabu cha Al-Khwarizmi, nami mwenye simu nikashindwa.

Kile kiduara Waarabu walikiita sifr, nasi tukasema sifuri. Tazama ndugu msomaji jinsi lugha yetu ilivyobeba elimu hii: hesabu, sita, saba, tisa, nusu, robo, thuluthi, thumni. Wazee wetu walikuwa hata na sarafu waliyoiita thumni. Sehemu zinazotajwa katika aya za mirathi ni sita tu, yaani nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi, na nyingi kati ya hizo Mswahili anazitamka sokoni bila kufikiri kwamba anatamka istilahi za fiqhi.

Nakala ya Kiarabu ya kitabu hicho cha namba imepotea. Kilichobaki ni tafsiri za Kilatini. Katika hizo jina lake liliandikwa Algorizmi, na kutokana na jina hilo dunia ikapata neno algoritimu, yaani utaratibu wa hatua zenye mpangilio unaokufikisha kwenye jibu. Wenzetu wa kompyuta hulitaja jina lake mara kumi kwa siku.

Pili ni kitabu kilichompa umaarufu, cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Mwenyewe alieleza katika utangulizi kwamba Al-Ma'mun ndiye aliyemtia moyo, na kwamba alikusudia mambo ambayo watu huyahitaji kila mara: mirathi, wasia, mgawanyo, kesi, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Al-jabr ni kurudisha kilichopungua. Ukiwa na kitu kilichotolewa upande mmoja wa mlinganyo, unakirudisha kwa kukiongeza pande zote mbili. Al-muqabala ni kukabilisha, yaani kilichopo pande zote mbili unakifuta kwa kiasi sawa.

Ndani yake hakuna hata herufi moja ya x. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno. Kisichojulikana anakiita kitu au jidhr, yaani mzizi, na mzizi ukizidishwa kwa wenyewe anauita mali. Mfano wake mashuhuri ni huu: mali moja pamoja na mizizi kumi ni sawa na 39, je mzizi ni ngapi? Kata ile kumi nusu, upate 5. Izidishe kwa yenyewe, 25. Ongeza 39, iwe 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa ile 5, ibaki 3. Hakiki: 9 ukijumlisha na 30 ni 39. Kisha anachora mraba na mistatili kukuonyesha kwa nini njia hiyo ni ya kweli, ili usiikubali kwa kuiga tu. Mimi nilifundishwa kanuni hiyo sekondari na sikuwahi kuielewa. Niliielewa siku nilipochora ule mraba kwa mkono wangu chumbani hosteli.

Lakini ndugu yangu, karibu nusu ya kitabu hicho ni wasia na mirathi. Hili ndilo ambalo mabango yetu ya ukutani hayasemi. Nikupe swali lake moja. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na watatu wa kike. Aliusia mtu asiye mrithi apewe thumni na subui ya mali yake, yaani moja ya nane na moja ya saba. Kila mtu apate ngapi?

Thumni na subui zikijumlishwa ni 15 kwa 56, ambayo haijavuka thuluthi, basi wasia unasimama. Zinabaki 41 kwa 56 za warithi. Mume ana robo. Robo tatu zilizobaki zinagawiwa mafungu matano, mawili ya mwana na moja moja ya mabinti. Ukizikutanisha zote kwenye asili moja unapata mafungu 1,120: mwenye wasia 300, mume 205, mwana 246, na kila binti 123. Jumlisha uone. Hakuna fungu lililopotea, hakuna hata moja lililokadiriwa. Angeweza kusema tugawe mafungu mia, yatakuwa karibu karibu. Hakusema. Aliitafuta ile 1,120 mpaka kila mwenye haki akapata namba nzima.

Kitabu kilipofika Hispania, Robert wa Chester alikitafsiri kwa Kilatini mjini Segovia mwaka 1145, na baadaye akakitafsiri Gerard wa Cremona. Wote wawili waliiacha sehemu ya mirathi, kwani haikuwa sheria yao. Siwalaumu. Ila nadhani hapo ndipo tulipopata aljebra isiyo na wenyewe. Inatufikia darasani ikiwa x na y tupu, na mwanafunzi wa dawati la nyuma anauliza itamsaidia nini. Ilianza ikiwa inawasaidia mjane, mama na binti, kisha ikapitia njia ndefu ikirudi kwetu bila wao.

Tatu ni makadirio, somo nililodhani nalielewa. Katika sehemu ya upimaji, Al-Khwarizmi anafika kwenye duara, na duara halikubali namba nzima. Hapo anataja njia tatu za kupata mzingo kutokana na kipenyo. Ya kwanza, zidisha kipenyo kwa tatu na subui moja, yaani 22 kwa 7. Hii anaieleza kuwa ni ya matumizi ya watu, si ya uthibitisho. Ya pili, zidisha kipenyo kwa chenyewe, kisha kwa kumi, utoe kipeuo cha pili. Ya tatu ni ya wanafalaki: zidisha kwa 62,832, ugawe kwa 20,000. Kwa desimali zetu za leo hizo ni takriban 3.1429, 3.1623 na 3.1416. Ya tatu ni sahihi hadi nafasi ya nne ya desimali.

Chukua ghala la mviringo lenye kipenyo cha futi 7. Kwa njia ya kwanza mzingo ni futi 22 kamili. Kwa njia ya wanafalaki ni 21.9912. Tofauti haifiki hata unene wa kidole, na fundi wa kijijini hana haja ya kuumia kichwa. Lakini anayehesabu mwendo wa nyota, kosa dogo likizidishwa mara elfu linakuwa kosa kubwa, ndiyo maana akapewa njia yake. Al-Khwarizmi hakuficha kwamba anakadiria. Alisema wazi hili ni kadirio, hili ni la nani, na la kazi gani.

Ndivyo alivyofanya pia katika jiografia. Kitabu chake cha sura ya ardhi, cha takriban mwaka 833, kina longitudo na latitudo za mahali zaidi ya 2,400: miji, milima, bahari, visiwa na mito. Alianzia kwenye kazi ya Ptolemy wa Iskandaria bila kuichukua kama ilivyo. Ptolemy aliirefusha bahari ya Mediterania hadi zaidi ya digrii 60. Al-Khwarizmi aliipunguza hadi karibu na 50. Kipimo cha leo ni takriban 42. Hakufika, lakini alisogea kuelekea kwenye ukweli, na waliomfuata wakasogea zaidi. Aliandika pia majedwali ya falaki, ambayo yalipitia Andalusia na kutafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1126, na aliandika juu ya asturlabu na saa ya kivuli cha jua. Alifariki takriban mwaka 850, sawa na 236 Hijria. Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa elimu aliyotuachia.

Sasa turudi Mulanda. Asubuhi ile, kabla sijasoma lolote kati ya haya, niliketi chini ya mwembe na daftari la madrasa, nikaacha simu ndani. Thumni na sudusi zinakutana kwenye 24, ambayo wanazuoni wa faraidhi huiita asili ya mas-ala. Ajabu, hata katika vitabu vya hesabu vya Kiswahili namba ya chini ya sehemu huitwa asili. Mke 3, mama 4, watoto 17. Kumi na saba haigawiki kwa mafungu matano ya watoto, basi nikazidisha yote kwa 5, ikawa 120. Mke 15, mama 20, kila mtoto wa kiume 34, wa kike 17. Fungu moja ni shilingi 50,000. Mjane 750,000. Bibi 1,000,000. Kila mtoto wa kiume 1,700,000. Wa kike 850,000. Hapakuwa na desimali hata moja.

Nilisimama mbele ya wazee wale wale walionisifu jana, nikasema nilikosea na nikaeleza wapi. Bibi alicheka, akasema alishangaa kuona uzee wake umepanda bei usiku mmoja. Mama mdogo hakusema kitu. Alihesabu fedha zake, akatenga za ada ya mwanawe, akazifunga kwenye kanga.

Ndugu msomaji, wengi wetu tuliokuja kwenye vitivo vya dini tumekuja tukiikimbia hesabu, na tunajidanganya. Kesho tutaitwa makadhi, maimamu na walimu, na watu watatuletea mirathi, zaka na mikataba ya biashara. Watatuamini kwa sababu ya kanzu, na hawatajumlisha nyuma yetu. Kosa la hesabu kwa mtu anayeaminiwa halitofautiani sana na kula haki ya mtu, hata kama senti haikuingia mfukoni mwake.

Na si lazima tuanze na makubwa. Chukua zaka ya fedha, ambayo ni robo ya ushuri: toa fungu la kumi, likate nusu, likate nusu tena. Kwa shilingi 6,000,000 unapata 600,000, kisha 300,000, kisha 150,000. Jaribu kichwani ukiwa unatembea kwenda darasani. Kisha chukua familia yoyote unayoijua, uigawe kwenye karatasi mpaka mafungu yatimie. Makadirio nayo usiyaache, yanakusaidia kujua kabla ya kuhesabu kwamba jibu litakuwa wapi. Laiti ningeyatumia hivyo ningeona mapema kwamba thumni ya milioni sita haiwezi kuwa chini ya laki saba.

Mimi nimeanza tena kitabu cha hesabu cha kidato cha kwanza, sura ya sehemu. Kila Jumamosi baada ya Alasiri tunaketi watano msikitini, na yeyote anakaribishwa, hata aliyepata P8.

Wabillahi tawfiiq.